Maharage makavu: pura mapema, kausha taratibu

Maharage yanaweza kustawi shambani hadi mwisho, kisha yakaharibiwa katika siku chache za kuvuna, kupura na kukausha. Lakini mbegu mbaya haiokolewi na ukaushaji wowote, kwa hiyo tuanze huko. Chule (ugonjwa wa ukungu), magonjwa ya bakteria na virusi vya batobato (mabaka kwenye majani) husafiri ndani ya mbegu. Punje yenye doa, iliyokunjamana au iliyotobolewa isipandwe.

Panda kwa mistari ya sentimita 50, punje moja kila sentimita 10 au mbili kila sentimita 20, kina cha sentimita 3 hadi 5. Hekta itabeba mimea 200,000 hivi, na mbegu itakuwa kilo 60 hadi 100 kulingana na ukubwa wa punje. Msimu unaofuata weka nafaka.

Yanapotoa maua, chimbua mimea michache kwa jembe (ukiing'oa, vinundu vitabaki udongoni) na upasue vinundu vya mizizi. Kinundu chenye rangi ya waridi ndani kinanasa naitrojeni. Cheupe au cha kijani hakifanyi kazi. Tatizo huwa ni uhaba wa fosforasi, udongo wenye tindikali kali, au mbolea ya naitrojeni iliyozidi.

Palilia wiki ya pili au ya tatu huku ukiinulia mimea udongo, ili iliyoshambuliwa na inzi wa maharage itoe mizizi mipya juu ya jeraha. Rudia kabla ya maua. Majani yakiwa na umande, usiingie shambani: nguo na majembe hueneza bakteria.

Vuna maganda mengi yakishakauka na punje haziingii ukucha. Ng'oa asubuhi, maganda yakiwa bado laini kidogo, yasipasukie njiani. Ukichelewa, fukusi (wadudu wanaotoboa punje) hutaga mayai kwenye maganda yaliyoanza kupasuka, nawe utawabeba hadi ghalani bila kuwaona.

Wengi hukosea kwenye kupura. Unyevu unaofaa ni asilimia 15 hadi 18. Juu ya hapo punje hupondeka. Chini ya 12 ngozi hupasuka na punje hugawanyika vipande viwili. Kwa hiyo usisubiri zikauke kabisa ndipo upige. Tandaza turubai na utumie fimbo nyembamba, kwa mapigo mepesi. Kama ni mashine, punguza mwendo wa ngoma.

Baada ya kupepeta, kausha punje hadi asilimia 13 au chini kidogo. Tabaka lisizidi sentimita 5, na ligeuzwe mara kwa mara. Jua kali la mchana hukunja ngozi na kufifisha rangi, hivyo saa hizo zihamishie kivulini penye upepo. Kilo 100 zenye unyevu wa asilimia 18 hubaki kilo 94 hivi zikifika 13. Ndiyo maana wengine hushawishika kuuza mabichi, na gunia likavunda mikononi mwa mnunuzi.

Kama huna kipima unyevu, chukua chupa kavu ya kioo, weka maharage hadi theluthi moja na vijiko viwili vitatu vya chumvi kavu. Funga, tikisa kwa dakika moja, acha itulie dakika 10 hadi 15. Chumvi ikiganda ukutani, unyevu umezidi asilimia 15: rudisha juani. Isipoganda, uko chini ya hapo, ila ongeza siku moja ya kuanika kwa usalama.

Chambua mawe, punje zilizovunjika na zilizobadilika rangi, na usichanganye aina wala mavuno ya misimu tofauti, kwa sababu hayaivi kwa wakati mmoja. Mifuko isiyopitisha hewa huua fukusi kwa kukosa oksijeni, mradi usiifungue wiki za mwanzo. Kagua kama mifuko ya ndani ya plastiki ina matundu, kamua hewa, funga kila tabaka peke yake, na panga juu ya chaga mbali na ukuta. Joto na unyevu ghalani hufanya maharage yawe magumu kuiva hata yakisalimika na wadudu.