Kabla hujawaunganishia printa watumishi wasiokaa meza moja

Ofisi nyingi zikinunua printa ya mtandao huanza kwa kuulizana bei ya tona. Swali hilo linatosha pale ambapo kila mtumishi ana meza yake na kompyuta yake. Sasa chukua ofisi yenye makao Tabora mjini na vituo vidogo Urambo, Sikonge na Nzega. Mkaguzi wa ndani leo anashinda ghorofani kwa mhasibu, kesho yuko chini masijala. Maafisa wa wilayani wanashuka kwenye basi na laptopu mgongoni, wanataka kuchapa marejesho ya masurufu yapate saini kabla bosi hajatoka. Kwa watu hawa kuna jambo la kuamua kabla boksi la printa halijafunguliwa: printa imfuate mtu, au ifuate chumba?

Mimi nasema ifuate chumba. Kinachomfuata mtu ni ruhusa yake: nani achape kwa rangi, nani aifikie printa ya utumishi, nani hana haja nayo kabisa. Ofisi zinazochanganya haya mawili ndizo ambako utasikia kila siku, "Dada, hebu niangalizie kama karatasi zangu zimetokea huko kwenu."

Sababu iko kwenye namna Windows inavyotunza mambo. Printa ya seva aliyojiunganishia mtumiaji huandikwa kwenye wasifu wake mwenyewe, si kwenye kompyuta aliyokalia. Kama ofisi inatumia wasifu unaohama, yaani mipangilio ya mtu inakaa kwenye seva na kumfuata kila anapoingia, basi afisa wa Urambo akikaa kwenye kompyuta ya Tabora anakuja na printa ya Urambo. Anabonyeza kuchapa, skrini inasema kazi imekwenda, na kweli imekwenda. Karatasi inatoka Urambo.

Kwa hiyo gawa mashine mafungu mawili mapema. Kompyuta za mezani hazitembei. Hizo ziwekewe printa kwa mashine, ili yeyote atakayeingia pale akute printa ya chumba hicho. Laptopu zinatembea, zipewe printa kufuatana na sehemu ya mtandao zilipo. Kwenye Active Directory, mfumo wa Windows wa kusimamia akaunti na kompyuta za ofisi kwa pamoja, kazi hii hufanywa kwa Group Policy, yaani sera zinazotumwa kwa mashine zote kutoka seva: unaweka sharti kwamba mashine yenye anwani ya IP (namba yake kwenye mtandao) ya safu fulani ipate printa fulani. Tatizo ni kwamba ofisi nyingi ndogo zina jengo zima kwenye safu moja ya anwani, na hapo sharti halina cha kushika. Kazi ya kuutenganisha mtandao, chini safu yake, juu safu yake, kila kituo safu yake, ndiyo itangulie, hata kama fundi wa printa ameshafika na anataka kumaliza leo. Waifai nayo iangaliwe peke yake. Waifai moja iliyoenea jengo zima inatoa anwani za safu moja kwa wa juu na wa chini, hivyo Windows haiwezi kujua laptopu iko ghorofa gani. Ukishindwa kuitenga, wape watu wa waifai printa zote mbili zenye majina yanayoeleweka, wachague wenyewe. Si aibu.

Usisahau suala la muda. Sera za Group Policy husomwa mtu anapoingia kwenye akaunti, kisha hurudiwa kila baada ya dakika 90 hivi, na mfumo unaweza kuongeza hadi dakika 30 juu yake. Mtu anayefunga laptopu, akapanda ngazi na kuifungua ghorofani hajaingia upya. Kwa mashine yake bado yuko chini. Waambie kabla, kwa maneno machache: ukihama, toka kwenye akaunti na uingie tena. Na katika mipangilio ya printa kwenye sera hiyo, chagua kusasisha badala ya kubadilisha. Kubadilisha maana yake printa inafutwa na kuundwa upya kila sera inaposomwa, na watu watalalamika kwamba kompyuta inachelewa kufunguka asubuhi bila kujua kwa nini.

Majina. Jina la kiwandani lenye herufi na tarakimu halimsaidii mgeni aliyetoka Nzega. TBR-JUU-UHASIBU linamsaidia. Libandike pia kwenye printa yenyewe, kwa maandishi makubwa.

Halafu anwani. Kila printa iwekewe akiba ya anwani yake kwa namba ya MAC, ile ya kiwandani ya kifaa, kwenye ruta au seva inayogawa anwani, kwa sababu umeme ukikatika na kurudi, printa isiyo na akiba inaweza kuamka na anwani nyingine, na foleni ya seva, yaani orodha ya kazi zinazosubiri kuchapwa, ikaendelea kubisha mlango wa zamani. Kwenye seva, unganisha kwa anwani hiyo moja kwa moja, mlango (port) 9100, usiiache Windows iitafute printa yenyewe kwenye mtandao. Njia ile ya kujitafutia ni rahisi siku ya kwanza na ni usumbufu siku zinazofuata.

Draiva, programu inayoiwezesha kompyuta kuzungumza na printa, ndiyo inayoangusha mipango mingi tangu 2021. Mwaka huo, mwezi Julai, ulijulikana udhaifu wa huduma ya kuchapa ya Windows uliopewa jina PrintNightmare, na mwezi Agosti Microsoft ikabadilisha utaratibu: mtumiaji asiye na haki za msimamizi hawezi tena kuweka draiva kutoka kwenye seva. Ni uamuzi sahihi, ila matokeo yake ni kwamba afisa anayehamia printa mpya anaulizwa nenosiri la msimamizi ambalo hana, na afisa TEHAMA yuko Nzega. Wapo wanaoizima kinga hiyo kwenye rejista ya Windows (registry) ili mambo yaende. Usifanye hivyo. Weka draiva za printa zote kwenye mashine zote mapema, pamoja na laptopu za wilayani, ili anapofika kwenye printa ngeni asihitaji kupakua kitu. Hapa ndipo faida ya kununua printa za kampuni moja inapoonekana, kwa kuwa draiva moja ya jumla inaweza kuhudumia aina kadhaa. Anayeandika maombi ya manunuzi alijue hilo kabla mzabuni hajapatikana.

Kuna mipangilio miwili midogo inayopoteza muda mwingi. Wa kwanza ni ule wa kuiacha Windows isimamie printa chaguo-msingi, uliokuja na Windows 10. Ukiwa umewashwa, printa uliyoitumia mwisho ndiyo inakuwa chaguo-msingi. Kwa mtu wa kuhamahama ni balaa, uzime kwa sera. Wa pili ni ukubwa wa karatasi. Mfumo uliowekwa kwa mipangilio ya Marekani huchagua Letter, milimita 216 kwa 279, wakati trei ina A4 ya 210 kwa 297. Printa inasimama ikidai karatasi ambayo huipati duka lolote pale mjini. Weka A4 kwenye seva, katika mipangilio ya awali ya watumiaji wote. Ile sehemu ya mapendeleo inayofunguka haraka zaidi inakubadilishia wewe peke yako.

Umeme: seva ya kuchapa na swichi za mtandao ziwe kwenye UPS. Printa ya leza isiwe kwenye UPS hiyo, maana inapopasha joto huvuta umeme mwingi kwa ghafla. Rimu zibaki kwenye vifungashio vyake wakati wa mvua. Karatasi iliyonyonya unyevu hukwama.

Vituo vya wilayani vinahitaji uamuzi wa peke yake. Ikiwa seva ni moja na iko Tabora, waraka wa Sikonge unaochapwa Sikonge husafiri hadi Tabora na kurudi, kwenye laini ileile inayobeba mifumo mingine. Tangu Windows Server 2012 kuna mpangilio unaoruhusu kompyuta ya kituo kutuma kazi moja kwa moja kwa printa ya kituo, seva ikibaki na usimamizi wa foleni tu. Uwashe kwa kila printa ya wilayani.

Karatasi zinazobaki kwenye trei ni suala la sheria sasa, si la usafi tu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na orodha ya mishahara iliyosahaulika koridoni ina taarifa binafsi za watu. Ipo mifumo ya foleni moja kwa ofisi nzima, ambapo mtu anatuma kazi kisha anaitoa kwenye printa yoyote aliyosimama mbele yake kwa kadi. Inamaliza hata swali la mtu au chumba. Kwa ofisi yenye printa tatu naona ni gharama isiyo na ulazima. Printa nyingi za ofisi zinaweza kushikilia kazi mpaka mwenyewe abonyeze namba ya siri. Anza na utumishi na uhasibu.

Jaribio lifanywe kwa akaunti ya mtumishi wa kawaida, kamwe si ya msimamizi, na lifanywe na yule anayehama kuliko wote. Mkaguzi wa ndani anafaa: aingie chini, achape, apande, achape, kisha aende Urambo na laptopu yake.

Vikikaa sawa, fungua Print Management, programu ya Windows ya kusimamia printa, na uhamishie printa zote kwenye faili la .printerExport, ulitunze nje ya seva hiyo. Seva ikifa, faili hilo litarudisha foleni, draiva na milango. Akiba za anwani za IP na masharti ya Group Policy hayamo humo. Hayo yapate nakala yake.