Kusafiri kuja Dar es Salaam ukiwa na dawa za sindano

Ndugu anayeishi ng'ambo na kutumia insulini, au dawa nyingine ya sindano kama adalimumab kwa ugonjwa wa baridi yabisi, akipanga safari ya nyumbani huwahofia kwanza maofisa wa uwanja wa ndege. Kwa maoni yangu, hofu kubwa zaidi ingepaswa kuelekezwa kwenye joto na baridi, kwa sababu ofisa ukimwonyesha karatasi zinazoeleweka hukupisha, lakini dawa iliyoungua au kuganda hairudi katika hali yake.

Karatasi zenyewe si nyingi. Mwombe daktari wako barua ya Kiingereza inayotaja ugonjwa, jina halisi la dawa badala ya jina la kibiashara pekee, kipimo, na kwamba unahitaji kubeba sindano. Dawa ibaki ndani ya boksi lake lenye lebo ya famasi, na jina lililo kwenye lebo lifanane na la pasipoti. Wanawake walioolewa ambao pasipoti zao bado zina jina la ubini walitazame hili mapema. Kikomo cha mililita 100 za vimiminika hakiihusu dawa unayoihitaji safarini, ila itoe na uitaje kabla begi halijaingia kwenye mashine. Anayevaa pampu ya insulini au kihisi cha sukari asome maelekezo ya mtengenezaji, kwani baadhi ya vifaa havitakiwi kupita kwenye eksirei, na aombe akaguliwe kwa mkono. Ukiunganisha ndege Dubai huku una dawa kali za maumivu kama mofini, omba kibali cha Falme za Kiarabu kabla ya kusafiri.

Ndugu huagiza pia: "Niletee na mimi chupa mbili za insulini." Ombi hilo linatoka kwenye shida ya kweli, lakini dawa isiyo na jina lako haikingwi na barua ya daktari wako, kwa hiyo waulize kwanza TMDA, yaani Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba.

Dawa yote ibebe kwenye begi la mkononi. Begi linalopakiwa chini ya ndege linaweza kuchelewa au kupotea, na huko dawa inaweza kuganda. Insulini iliyoganda hutupwa, hata kama baada ya kuyeyuka inaonekana safi. Vipande vya jeli ya barafu vifunge kwa taulo visiguse dawa, na sindano iondoe kwenye kalamu (kifaa cha kujichomea insulini) kila baada ya kuchoma, kwa sababu ikiachwa, mabadiliko ya mgandamizo wa hewa huingiza mapovu na kuvujisha dawa. Insulini ya chakula usijichome mpaka sahani iwe mbele yako. Ndege ikianza kutikiswa, huduma ya chakula husimamishwa. Kuhusu insulini ya muda mrefu, mwombe daktari akuandikie ratiba, maana Dar es Salaam iko mbele ya Chicago kwa saa 9 wakati wa majira ya baridi na siku ya safari hufupika sana. Ratiba hiyo iandikwe kwa mfumo wa saa 24, ili anayekukumbusha kwa saa za Kiswahili asikuchanganye.

Ugumu wenyewe huanza ukishatoka uwanjani. Insulini ambayo haijafunguliwa hutunzwa kwenye nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi; iliyofunguliwa, kwa aina nyingi, hukaa takribani siku 28 chini ya nyuzi 30. Kati ya Desemba na Machi mchana wa Dar es Salaam huvuka nyuzi 30, na gari lililoegeshwa juani huzidi hapo mbali. Vifuko vinavyopoza kwa kulowekwa maji, ambavyo wengi huvinunua ng'ambo, hutegemea maji kukauka hewani, na hewa ya pwani ina unyevu mwingi. Vitakufaa Dodoma kuliko Kariakoo. Hapa mjini chupa ya chai yenye mdomo mpana na jeli iliyofungwa kitambaa inaaminika zaidi.

Ukifika nyumbani, dawa iweke mwenyewe kwenye friji, rafu ya katikati, mbali na ukuta wa nyuma. Shangazi mwenye nia njema anaweza kuihamishia kwenye friza kando ya samaki, akiamini kwamba baridi zaidi ni usalama zaidi, hivyo mweleze tangu siku ya kwanza, kwa heshima, kwamba ikiganda imekufa. Umeme ukikatika, friji isifunguliwefunguliwe.

Sindano zilizotumika zikusanye kwenye chupa ngumu ya plastiki yenye kifuniko, kisha uzipeleke kwenye zahanati au hospitali yenye kisanduku cha kutupia sindano. Usizichanganye na taka za nyumbani, kwani vijana wanaobeba taka mitaani huzichambua kwa mikono mitupu.