Jinsi ya kuotesha utrikularia na kujua uliyonayo ni ya aina gani

Utrikularia ni mmea unaokula vijidudu lakini usikae unasubiri kuona mdomo ukifumba kama kwenye zile video za mimea inayonasa nzi, kazi yake yote inafanyika chini ya maji au ndani ya udongo kwenye vifuko vidogo sana, vingi havifiki hata milimita 3. Juu utaona vijani na siku moja moja ua basi. Ila kuotesha ni rahisi kuliko mimea mingi inayokula wadudu, shida kubwa ya watu ni maji, na ya pili ni kutaka jina la mmea kabla haujatoa ua.

Hatua ya 1: jua ni ya majini au ya udongoni
Spishi ziko zaidi ya 200 na nyingi yao wala sio za majini, zinaishi kwenye udongo unaolowa muda wote au mchanga wa chepechepe, na chache zinakaa kwenye kuvumwani (ule utando laini wa kijani, moss) za miti na mawe. Zote hazina mizizi ya kweli, kwa hiyo usishangae ukiutoa ukakuta ni nyuzi nyuzi tu zenye vifuko. Ukishajua kundi ndo unajua utapanda kwenye nini.

Hatua ya 2: maji
Hapa usifanye mchezo. Tumia maji ya mvua, au yaliyopita kwenye mashine ya RO (ya kuchuja chumvi kwenye maji), au yaliyogeuzwa mvuke yakakusanywa tena (distili). Maji ya bomba mara nyingi yana chumvichumvi nyingi na hizo ndo zinaua taratibu, mmea unadumaa we unadhani ni jua. Kama una kipimo cha TDS (kinapima chumvi na madini yaliyoyeyuka kwenye maji), ikisoma chini ya 50 ppm uko salama. Kuchemsha hakusaidii jamani, maji yanapungua chumvi inabaki pale pale tena imekolea zaidi. Na mbolea hapana, hata kidogo.

Hatua ya 3: kupanda
Za udongoni changanya pitimosi (peat moss, mabaki ya mimea ya kinamasi) isiyowekwa mbolea na mchanga wa silika uliooshwa vizuri, nusu kwa nusu (mchanga wa baharini achana nao, una chumvi na chokaa). Weka kwenye kopo lenye matundu, kopo likae kwenye beseni lenye maji ya sentimita 2 hivi muda wote. Chukua kipande cha udongo chenye mmea, kibandike juu, bonyeza kidogo, basi, utatambaa wenyewe. Kwa kuanzia nashauri U. livida (U. ni kifupi cha Utricularia), U. bisquamata au U. sandersonii, hii ya mwisho ua lake lina masikio kama sungura kabisa. U. subulata sikushauri, inajichavusha yenyewe hata bila kufungua ua, mbegu zinamwagika na baada ya muda iko kwenye kila kopo ulilonalo.

Za majini, mfano U. gibba, chukua chombo kipana, tandaza pitimosi chini, mimina maji, acha siku kadhaa mpaka pitimosi izame na maji yatulie yawe ya kahawia hivi, alafu ndo uweke mmea uelee. Mwanga uwe mwingi. Adui mkubwa hapa ni mwani ule wa nyuzi, ukishajisokota na mmea kuutenganisha ni kazi ya kulia, huo utoe kwa mkono mapema. Kwa mwani unaoelea unaofanya maji yawe kijani dawa nzuri ni kuweka dafnia (vijidudu vidogo vya majini), wale wanaukula na wenyewe wanaliwa. Viluwiluwi wadogo wa mbu pia wanaliwa. Za udongoni usihangaike kulisha, zinajitafutia vijidudu visivyoonekana kwa macho.

Usiwe na tabia ya kuutoa majini kila saa kuangalia. Kifuko kinasukuma maji nje mpaka kuta zinabonyea ndani, kijidudu kikigusa vinyweleo vya mlangoni mlango unafunguka na maji yanavutwa na kijidudu ndani kwa muda usiofika hata sehemu moja ya elfu ya sekunde. Ukiunyanyua hewani mitego inafyatuka na kunyonya hewa, ukisogeza sikio utasikia mlio wa kukatika katika. Inavutia mara moja, inatosha.

Hatua ya 4: kutambua
Chukua lenzi ya kukuza mara 10. Majini kuna mimea mingi yenye majani ya nyuzi inayofanana nayo, cha kutafuta ni vifuko, na kama mmea ni mzima na hauna hata kimoja sehemu yoyote basi huenda sio yenyewe. Ukikuta vitu kama miguu vilivyovimba vimezunguka kikonyo cha ua usawa wa maji, umepunguza sana orodha, fikiria U. stellaris, U. inflexa au U. inflata.

Baada ya hapo subiri ua, majani yanadanganya. Ua lina midomo miwili na kipembe kinachotoka nyuma. Hesabu sepali (vile vijani vya nje vinavyoshika ua): zikiwa 2 ni utrikularia, zikiwa 5 na mitego iko udongoni imegawanyika kama Y ni genlisea, ndugu yake. Rangi usiitegemee, U. livida hiyo hiyo inatoa zambarau au nyeupe. Piga picha ua kwa mbele, kwa ubavu ili kipembe kionekane, na vile vijani vidogo vya kwenye kikonyo, maana kuna spishi ambazo vimeshikwa kwenye kitako na nyingine vimeshikwa katikati, na hapo ndo wataalamu wanaangalia. Weka rula pembeni.

Kama una U. vulgaris na baridi ikaingia, mmea utaoza wote ubaki na kifundo kigumu cha kijani. Usitupe, ndo chenyewe kimelala, joto likirudi kitachipua.

Maji unayobadilisha mwaga kwenye udongo mkavu mbali na mtaro au mto. Kipande kidogo cha U. gibba kinatosha kuanzisha mmea mzima, na huko New Zealand tayari ni gugu linalosumbua.