Umekataliwa pensheni ya ulemavu Australia? Mambo ya kuzingatia kabla ya kukata rufaa

Barua ya Centrelink, ofisi ya serikali inayolipa pensheni hii, ikifika na jibu la kukataliwa, kabla ya yote tazama tarehe. Ukiomba uamuzi upitiwe upya ndani ya wiki 13 tangu kuarifiwa, na ukashinda, unaweza kulipwa tangu ulipoomba pensheni. Ukichelewa, hesabu huanzia siku uliyoomba mapitio. Kwa familia inayodaiwa kodi ya nyumba hiyo si tofauti ndogo, kwa hiyo omba sasa hata kama vyeti havijakamilika.

Kisha soma sababu. Mara nyingi utakuta kwamba hukufikisha pointi 20. Pointi hizo hazitolewi kwa jina la ugonjwa, hutolewa kwa yale ambayo mwili au akili imeshindwa kuyafanya, kwa kufuata majedwali ya kisheria yaitwayo Impairment Tables. Tena ugonjwa uwe umethibitishwa na daktari, umetibiwa ipasavyo, na hali yako haitarajiwi kupata nafuu kubwa ndani ya miaka 2.

Hapo ndipo wengi wetu hukwama. Daktari anaandika "ana maumivu makali ya mgongo", basi. Barua yenye nguvu husema: hawezi kukaa kitini dakika 10, hawezi kuinama kidogo kuchukua kikombe mezani, alifanyiwa mazoezi ya viungo kuanzia mwezi fulani hadi mwezi fulani, na hayakumsaidia. Chapisha jedwali linalohusu ugonjwa wako umpelekee daktari, kwa sababu si kila daktari amewahi kulisoma. Kwa maradhi ya akili, neno la daktari wa familia peke yake halitoshi. Lazima pawe na daktari bingwa wa akili au ushahidi wa mwanasaikolojia.

Pointi 20 zikipatikana katika jedwali moja, njia ni fupi. Zikikusanywa kutoka majedwali kadhaa, kwa kawaida utatakiwa pia kuwa umeshiriki miezi 18 katika mpango wa kusaidiwa kutafuta kazi.

Kumbuka kwamba kinachopimwa ni hali yako ya siku ulipoomba pensheni na wiki 13 zilizofuata. Kama umezidiwa baada ya hapo, uliza kuhusu kupeleka ombi jipya huku rufaa ikiendelea.

Afisa wa mapitio akikataa pia, unaweza kwenda kwenye baraza la rufaa, Administrative Review Tribunal, lililoanza kazi Oktoba 2024. Kwa kesi za Centrelink hulipi ada. Vipo pia vituo vya msaada wa sheria visivyotoza malipo. Watafute mapema, wakusaidie kuomba nakala ya faili lako.

Omba mkalimani wa Kiswahili, ni bure. Tafadhali usimtumie mtoto wako. Mtoto hatasema mbele ya mgeni kwamba mama yake anaogeshwa.

Na jambo moja linaniuma sana. Sisi tukiulizwa hali, hujibu "nzuri, tunamshukuru Mungu", hata tukiwa tumelala kitandani wiki nzima. Mbele ya mpimaji anayekagua ulemavu wako kwa ajili ya Centrelink, jibu hilo linaweza kuandikwa kama lilivyo. Mweleze siku yako tangu kuamka: nani alikuvisha viatu, na ulipumzika mara ngapi kabla ya kufika chooni.