Jicho la pikseli nane: kutengeneza kihisi cha polima na kukifundisha kutambua maumbo

Kihisi hiki ni mstari wa fotodayodi 8 (vifaa vinavyogeuza mwanga kuwa umeme, kila kimoja ni pikseli) za P3HT, ambayo ni polima, na PCBM, molekuli ya kaboni inayopokea elektroni, juu ya kioo. Kadi nyeusi iliyotobolewa umbo husogezwa mbele yake, na mistari 8 inayosomwa huunda picha ya 8×8 bila lenzi. Mstari unafaa kuliko mraba: waya za pikseli za katikati ya mraba hupita juu ya ITO (tabaka angavu linalopitisha umeme), nazo zinageuka kuwa fotodayodi usizozitaka.

Kioo. Agiza kioo cha mm 25×25 chenye ukanda mmoja wa ITO wa upana wa mm 2. Kioshe kwa maji ya sabuni, maji yaliyokenekwa, asetoni, kisha isopropanoli, dakika 10 kila hatua kwenye beseni la ultrasoniki. Malizia kwa UV-ozoni (mashine ya mwanga wa urujuanimno na ozoni) dakika 15. Ukiruka hapa, PEDOT:PSS, polima inayopitisha umeme iliyo kwenye maji, itajikunja matone na kuacha mashimo, na kila shimo ni shoti inayosubiri alumini.

Tabaka. Dondoshea PEDOT:PSS (aina ya AI 4083, isiyopitisha sana umeme kwa ubavu; aina ya PH1000 itachanganya pikseli jirani) juu ya kioo, ukizungushe kwa mizunguko 4,000 kwa dakika, sekunde 60, kisha pasha 140°C dakika 10. Yeyusha mg 20 za P3HT na mg 20 za PCBM kwa kila ml ya klorobenzini, ukikoroga kwa 60°C usiku kucha. Chuja kwa kichujio cha PTFE (teflon) cha mikromita 0.45, dondoshea juu ya kioo na ukizungushe kwa mizunguko 1,000 kwa dakika ndani ya naitrojeni. Klorobenzini ni sumu. Usiifungue nje ya chemba ya kufyonza mvuke.

Futa ncha moja ya ITO kwa pamba yenye klorobenzini, halafu pamba yenye maji, upate pa kuunga waya. Kwenye vakyumu weka alumini ya nm 100 kupitia barakoa (bamba lenye matundu) ya vidole 8 vya mm 2, nafasi ya mm 0.5 katikati. Pasha 140°C dakika 10, funika kwa kioo na epoksi kabla ya kutoa kwenye naitrojeni, ukiacha ncha za waya wazi. Oksijeni na unyevu huiharibu alumini kuanzia pembezoni.

Gizani, pima kila pikseli kwa multimita, ukijaribu pande zote mbili. Isiyofika hata kilo-omu chache ina shoti. Tupa kioo hicho: hakuna modeli (programu inayojifunza kutoka data) itakayorudisha taarifa ambayo pikseli haikuwahi kuitoa.

Saketi. Vidole vya alumini viingie CD4051 (chipu inayochagua chaneli moja kati ya 8), itoke kwenda mguu hasi wa MCP6002 (kikuza-ishara). ITO na mguu chanya vikae volti 0.2, kwa kuwa ESP32, kompyuta ndogo inayosoma volti, haisomi vizuri karibu na sifuri. Rudisha kutoka tokeo la MCP6002 hadi mguu wake hasi kwa kilo-omu 470 sambamba na pikofaradi 220. Pikseli ya mm 2×2, kwenye mwanga wa 0.5 mW/cm² na mwitikio wa 0.2 A/W (ampea kwa kila wati ya mwanga), hutoa mikroampea 4, yaani kama volti 1.9 juu ya zile 0.2. Baada ya kubadili chaneli subiri milisekunde 5, pikseli imwage chaji yake, kisha chukua wastani wa milisekunde 20 ili mtetemo wa taa za umeme wa Hz 50 ujifute.

Kusoma. LED nyeupe ya betri ikae sm 30 kutoka upande wa kioo. Ikisogea karibu, kivuli kinatawanyika ndani ya unene wa kioo na kingo zinafifia. Umbo la mm 20 lisogee mm 2.5 kila hatua.

Kabla ya kila kikao cha kupima rekodi giza na mwanga mtupu (bila kadi), kisha, ukiita thamani iliyosomwa somo, kokotoa (somo − giza) ÷ (mwanga − giza) kwa kila pikseli. Usipofanya hivyo, modeli itajifunza tofauti za pikseli badala ya maumbo.

Kufundisha. Picha 100 kwa kila umbo (L, T, X, O) zinatosha kuanzia, ukiigeuza kadi na kuisogeza kidogo ubavuni. Tumia regresheni ya logistiki, modeli rahisi inayozidisha kila ingizo kwa uzito wake na kuchagua aina yenye alama kubwa: ingizo 64, aina 4, namba 260 tu, zinakaa ndani ya ESP32 bila shida. Data ya majaribio itoke kwenye kikao kizima ambacho modeli haikukiona. Ukichanganya picha za kikao kimoja pande zote mbili utapata alama nzuri mno, halafu kesho yake itakosea. Somo la mwanga mtupu likishuka chini ya nusu ya lile la siku ya kwanza huku LED na betri ni zilezile, polima imechakaa. Tengeneza kioo kingine.