Jinsi ya kutoka na washkaji bila meza kukupangia unywe ngapi

Bumu likiingia tu grupu la wasapu linachangamka, mara twendeni Sinza, mara geto la fulani, na wengi wanatoka hosteli wakijisemea leo mbili tu. Hizo mbili huwa zimeisha kabla hata kitimoto hakijaiva. Mara nyingi tatizo siyo kwamba huna msimamo, meza ndo inakunywesha, kwa hiyo anza na meza.

Kwanza kabisa raundi. Mkiwa sita na kila mtu anazungusha, tayari una bia sita hata hujaamua, na anayekunywa haraka ndo anawaendesha wote. Mwambie mhudumu mapema bili yako iwe peke yako, asikuletee ya pili kama ya kwanza haijaisha, vizibo weka mfukoni ujue umefika ngapi maana baada ya muda hesabu ya kichwani haiaminiki.

Geto ndo la kuogopa zaidi aisee. Hakuna bili, hakuna kufunga, mtu anamimina tu kwenye kikombe cha plastiki anaongeza soda. Konyagi ina asilimia 35, kwahiyo kichupa cha mililita 250 ni kama bia tatu na nusu za nusu lita zenye asilimia 5, na wewe unahisi umekunywa soda! Mimina mwenyewe, na kula kabisa kabla hujaenda, chipsi mayai za saa nane usiku hazisaidii kitu.

Fasti yia nyie msiamini stori za kila mtu analewa. Mwaka 1986 watafiti wawili, Perkins na Berkowitz, waliwauliza wanafunzi wa chuo kimoja New York, wengi wao wenyewe walitaka kiasi ila wakaamini wenzao ndo wanaona kulewa ni poa. Hata kwetu anayeishia mbili hapost, anayezima ndo anapostiwa. Kaa karibu na yule anayekunywa maji, kila grupu anakuwepo, na mkubaliane kabisa mnaondoka saa ngapi.

Mwenzenu akizima msimwache kisa kila mtu anadhani fulani anamwangalia. Mlazeni ubavu, mmoja abaki naye, akiwa haamki mkimtikisa au anapumua polepole mpelekeni hospitali usiku huohuo, msisubiri asubuhi.