Namna ya kuifanya bunduki ya leva ya zamani ipige pale unapolenga

Mtu anashika bunduki ya leva (ile unayoipakia risasi kwa kushusha na kupandisha mpini ulio chini ya kifyatulio) ya miaka hiyo, tuseme Winchester 1894 ama Marlin 336 ile iliyoingia sokoni 1948, anapiga risasi kumi mfululizo, matundu yanatawanyika karatasi nzima, halafu anasema mtutu umekwisha. Mi huwa namwambia asubiri kwanza. Mara nyingi mtutu ni mzima kabisa, kinachouharibia kazi ni vile vitu vinavyougusa, yaani mbao ya mbele, bomba la magazini (linalobeba risasi chini ya mtutu) na zile bendi za chuma zinazovifunga pamoja, na ukivijua hivyo nusu ya kazi umeshamaliza.

Kabla ya yote hakikisha chemba (pale risasi inapokaa tayari kupigwa) na magazini ni tupu, angalia kwa macho na uingize kidole, maana magazini ya bomba inaweza kuficha risasi moja iliyokwama kwenye springi. Na kama hujui historia ya bunduki mpelekee fundi bunduki apime chemba kabla hujapiga hata moja. Hizi za leva zinaweza kulegea sehemu ya kufunga baada ya miaka mingi ya kazi.

Sasa usifungue skrubu yoyote. Kapige kwanza. Weka karatasi mita 100, mkoba wa mchanga uwe chini ya mbao ya mbele karibu na mwili wa bunduki, usiuegemeze mtutu kwenye kitu chochote kigumu, na uweke mkoba palepale kila mara. Piga tatu tu halafu uache ipoe hadi mtutu uwe wa baridi mkononi, ndo upige tatu nyingine, na tundu la kwanza kutoka mtutu baridi liandikie namba moja kwa kalamu kwa sababu porini hiyo ndiyo risasi utakayoitegemea. Kwa bunduki ya aina hii yenye vilengeo vya wazi, tatu zikikaa ndani ya sm 7 hadi 10 kwenye mita 100 umepata bunduki nzuri, usiifananishe na ile ya bolti ya kuvuta kwa mkono (bolti ni chuma kinachofunga nyuma ya chemba) yenye darubini kubwa, haikutengenezwa kwa kazi hiyo.

Iangalie karatasi vizuri maana inaongea. Matundu yakipanda juu moja baada ya jingine kadiri mtutu unavyopata moto, hapo kuna kitu kinabana. Mtutu ukipata joto unarefuka, mbao na bomba la magazini havirefuki sawa nao, na kama bendi imekazwa sana mtutu unakosa pa kwenda unajipinda kidogo. Mi nilikuwa na kabini (bunduki fupi) ya risasi za .30-30 iliyokuwa inapandisha hivyo, tatu za kwanza nzuri, ya nne juu, ya tano juu zaidi, jumla sm 15 hivi kama ngazi. Nikaifungua mbao ya mbele taratibu (bisibisi lazima ijae kwenye mfereji wa skrubu, hizi skrubu za zamani zikitafunwa kichwa ni huzuni), nikauwasha mshumaa nikaupaka upande wa chini wa mtutu masizi, nikarudisha mbao nikaigonga kidogo kwa kiganja, nikaitoa tena. Ndani ya mbao kulikuwa na alama mbili nyeusi upande mmoja, kubwa kama ukucha. Nikafunga msasa laini kwenye kijiti cha mviringo nikapitisha pale mara chache, masizi tena, msasa tena, hadi alama zikapotea. Nikapaka mafuta ya mbao sehemu niliyokwangua ili isinyonye unyevu. Halafu nikahakikisha mbao ina nafasi ndogo ya unene wa karatasi pale inapokutana na mwili wa bunduki, nikarudisha skrubu za bendi zikafika zikashika, sikukaza kwa nguvu zote. Ile ngazi ikaisha, nikapata sm 8. Skrubu ya kizibo cha magazini pale mbele nayo iangalie, ikikazwa kupita kiasi inaweza kuleta shida ileile.

Kitu cha pili ni mdomo wa mtutu. Winchester 1894 huwezi kuisafishia nyuma bila kuifungua sana, kwa hiyo kwa miaka na miaka watu waliingiza fimbo ya kusafishia kwa mbele, ikawa inasugua ukingo. Chukua tochi na kioo cha kukuzia uangalie pale mifereji ya ndani inapoishia, ikiwa imelika upande mmoja gesi inatoka upande mmoja na kukisukuma kichwa cha risasi, fundi ataukata upya ukingo kidogo tu na bunduki inarudi. Wewe ukisafisha tumia kile kikombe cha kuongozea fimbo katikati. Marlin 336 ni rahisi zaidi, unafungua skrubu moja ya leva, bolti inatoka, unasafisha kutoka nyuma. Na usafishe kweli, toa shaba iliyoganda kwa dawa yake hadi kitambaa kisitoke tena na rangi ya bluu au kijani, maana bunduki ya miaka 70 inaweza kuwa na tabaka ambalo hakuna aliyewahi kuligusa.

Risasi: kwenye magazini ya bomba risasi zinapangana ncha ya moja ikigusa fataki (kile kitako kinacholipuka kikigongwa) ya iliyo mbele yake, kwa hiyo kichwa chenye ncha kali ni hatari, teke la bunduki linaweza kulipua ndani ya bomba. Tumia vichwa bapa au zile zenye ncha laini ya mpira zilizotengenezwa maalum kwa ajili ya leva. Savage 99 na Winchester 1895 hazina bomba, hizo zinakubali ncha kali bila shida. Nunua pakiti za vichwa vya uzito wa grain 150 na za grain 170 uzipige zote mbili, maana utashangaa bunduki hizi zinavyochagua. Ukishapata inayopendwa baki nayo. Na kama yako ni ya enzi za baruti nyeusi, mfano Winchester 1873, usiiwekee risasi za nguvu za kisasa hata kama zinaingia kwenye chemba.

Mwisho kabisa ndo urekebishe vilengeo, si mwanzo, watu wengi wanageuza mpangilio huu wanahangaika mwaka mzima. Kilengeo cha nyuma kinasogezwa kuelekea unakotaka risasi iende, cha mbele kinasogezwa kinyume. Kimo cha kilengeo cha mbele unakipigia hesabu: chukua umbali kati ya vilengeo viwili, zidisha na kosa lako kwenye karatasi, gawanya kwa umbali wa karatasi. Vilengeo vikiwa mm 400 mbali na risasi inapiga sm 10 juu kwenye mita 100, unahitaji kilengeo cha mbele kirefu zaidi kwa mm 0.4. Ni kidogo mno, ndo maana ukikikwangua kilengeo cha mbele kwa tupa ili kishuke fanya mipapaso miwili upige, miwili upige, kwa sababu ukikifupisha risasi inapanda na huwezi kukirefusha tena.

Kama macho yako hayashiki tena kile kipengo cha kilengeo cha nyuma, weka nyuma kilengeo cha tundu, yaani cha kuchungulia ndani ya duara. Jicho linapata katikati lenyewe na umbali kati ya vilengeo unaongezeka, kwangu haya ndo mabadiliko makubwa kuliko yote. Baadhi ya Winchester za zamani zina matundu ya skrubu tayari kwenye chuma cha nyuma ya nyundo, angalia kabla hujampa mtu drili, kwa sababu tundu jipya kwenye bunduki ya asili halizibiki na thamani yake inaporomoka. Vilengeo vya asili ukivitoa vifunge kwenye kitambaa chenye mafuta uviweke pamoja na bunduki.